Kipimo Nacho Kipimwe

Chukua glasi moja ya maji kutoka kwenye tangi la samaki wa bahari. Yapime kwa haidromita ya plastiki, ile yenye mkono unaopanda na kushuka: inasema 1.022. Sasa dondosha matone mawili ya maji yale yale kwenye rifraktomita, uielekeze kwenye mwanga na uchungulie: 1.026. Maji hayajabadilika. Hakuna aliyeongeza chumvi wala kupunguza. Una swali moja na majibu mawili.

Kwa asiyefuga, tofauti hii ni ya kuchekesha. Nne huko nyuma kabisa ya nukta, kitu gani? Lakini 1.026 ni karibu gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, yaani bahari ya kawaida. 1.022 ni kama gramu 29. Ukiamini chombo cha kwanza utaongeza chumvi, na kama kilikuwa kinakudanganya, umeyachukua maji yaliyokuwa sawa ukayafikisha gramu 40 na zaidi. Ukiamini cha pili, na kumbe hicho ndicho kinachodanganya, utakaa ukitabasamu huku kiti cha pweza kikilegea polepole pale kwenye kona. Huwezi kukaa katikati. Lazima uamini kimoja, na ukishauliza "niamini kipi?" hilo si swali la duka la samaki tena. Ni swali la zamani sana: nina haki gani ya kuamini ninachoamini, hasa kama nikikosea atakayelipa si mimi?

Matangi haya yapo hapa hapa Nairobi. Utayaona kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye migahawa, kwenye sebule za watu waliojaliwa. Mengi ni ya maji baridi, lakini machache ni ya bahari, na hayo machache ni kitu cha ajabu ukikaa ukafikiria. Mji huu uko karibu kilomita 500 kutoka Bahari ya Hindi na zaidi ya mita 1,600 juu yake. Bahari iliyomo ndani ya tangi imetengenezwa: maji ya mfereji yaliyochujwa, mfuko wa chumvi maalum, na chombo cha kuambia mtu "hapo, tosha". Kitu pekee kinachounganisha ile sebule na bahari ya kweli ni kile chombo.

Na wanaoishi ndani yake, baadhi yao ni wa kwetu. Pwani ya Kenya imekuwa ikiuza samaki wa mapambo ng'ambo kwa miongo kadhaa. Wapiga mbizi huwakamata miambani kwa nyavu ndogo, huwatia kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, mifuko ikapangwa kwenye maboksi, maboksi yakapanda ndege. Kwa hivyo usiseme haya ni mambo ya Wazungu wasio na shida. Samaki aliyekuwa anajipitishia miambani wiki iliyopita anaweza kuwa sasa anakunywa maji yaliyochanganywa na mtu kwenye ndoo, katika mji ambao hautajua jina la alikotoka. Na "kunywa" si mapambo ya lugha. Samaki wa bahari mwenye mifupa kweli hunywa bahari, kwa sababu mwili wake una chumvi kidogo kuliko maji yanayomzunguka, kwa hivyo maji humtoka muda wote. Hunywa, kisha hutoa chumvi ya ziada kupitia matamvua. Anafanya kazi hiyo usiku na mchana. Kiti cha pweza hana hata hiyo nafasi ya kupigana: majimaji ya mwili wake hufuata bahari ilivyo. Bahari ikibadilika, naye anabadilika, atake asitake.

Sasa turudi kwenye vile vyombo. Jambo la kwanza la kujua ni kwamba hakuna hata kimoja kinachopima chumvi.

Haidromita hupima jinsi maji yanavyosukuma kitu juu. Ukishaogelea baharini Mombasa kisha ukaogelea kwenye bwawa la hoteli, mwili wako unajua tofauti hiyo bila kufundishwa: baharini unaelea kirahisi zaidi. Haidromita ni muogeleaji mdogo. Ikibebwa juu zaidi, inasema chumvi ni nyingi. Lakini kiputo kimoja cha hewa kikijishika kwenye mkono wake, nacho pia kinaibeba juu, na chombo hakijui kutofautisha kiputo na chumvi. Ukiisahau bila kuisuuza, chumvi inakaukia hapo hapo kwenye mkono, inauongezea uzito, unazama, na chombo kinakwambia chumvi imepungua. Angalia kituko hicho: chumvi imefanya kipimo cha chumvi kiseme chumvi hakuna.

Rifraktomita hupima jinsi mwanga unavyopinda. Kijiko ndani ya glasi ya maji huonekana kama kimevunjika pale kinapoingia, na maji yakiwa na chumvi zaidi mwanga hupinda zaidi kidogo. Mita ya umeme, ile ya kuchovya na kusoma namba, hupima jinsi umeme unavyopita, maana chumvi ikiyeyuka ndiyo inayoupitisha. Kila chombo kinaona kivuli cha chumvi kikiangukia ukuta tofauti, kisha kinakisia umbo lake.

Unaweza kuwatega wote watatu na chumvi ya jikoni. Pima gramu 36.5 za chumvi ya kawaida isiyo na madoido, iyeyushe kwenye gramu 963.5 za maji safi yasiyo na chumvi yoyote. Rifraktomita iliyotengenezewa maji ya bahari itakwambia: 35, bahari kamili. Ukitaka kuidanganya haidromita kwa njia hiyo hiyo, unahitaji chumvi zaidi kidogo, karibu gramu 37 kwa kilo. Na mita ya umeme ina kiasi chake, tofauti na vyote viwili. Maji hayo si bahari. Hayana magnesi, hayana kalsiamu, na matumbawe yakitiwa humo yatakufa. Lakini chombo kimeapa kwamba ni bahari, na kwa upande wake hakijasema uongo. Kimejibu swali ambalo kilitengenezwa kuuliza: mwanga umepinda kiasi gani? Sisi ndio tuliosikia swali lingine.

Ndiyo maana kuna mtego ambao wafugaji wengi huuingia bila kujua. Rifraktomita nyingi za bei rahisi zimechorwa kwa ajili ya maji ya chumvi ya jikoni, si ya bahari. Ukiitia maji halisi ya bahari yenye 35, itasoma kama 36.5. Maelekezo kwenye boksi yatakwambia uikague kwa maji safi mpaka isome sufuri, na wewe utafanya hivyo, na itasoma sufuri vizuri kabisa. Utaridhika. Lakini kusema kweli kwenye sufuri si kusema kweli kwenye 35. Mtu anaweza kukuambia jina lake bila kukosea na bado akakudanganya kuhusu deni lake. Kama unataka kujua chombo kinasema nini mahali unapokihitaji, kiulize pale pale: kitie maji ambayo tayari unajua ni 35, uone.

Hapo wasee huwa wanashtuka. Ati nitie maji ninayojua? Kama ningejua, si nisingehitaji chombo?

Swali zuri. Tusilikimbie.

Mtu akiwa na shaka na kipimo chake, kitu cha kwanza anachofanya ni kupima tena. Anapima mara tatu, anapata 1.022 mara tatu, anatulia. Lakini Ludwig Wittgenstein, mwanafalsafa aliyezaliwa Vienna, aliwahi kutoa mfano wa mtu anayenunua nakala kadhaa za gazeti lile lile la asubuhi ili ahakikishe kama habari iliyomo ni ya kweli. Tunacheka, halafu tunafanya hivyo hivyo. Kupima mara tatu kwa chombo kimoja kunakuambia tu kama mkono wako umetulia. Hakukuambii kama chombo kinasema kweli. Shahidi mmoja akirudia maneno yake mara tatu hajawa mashahidi watatu.

Namjua jamaa mmoja anayejipatia riziki kwa kuhudumia matangi ya watu. Hubeba ndoo, mipira, na haidromita ya kioo ya zamani iliyofungwa kwenye kitambaa. Chombo hicho kinakosea, na yeye anajua. Kwenye boksi lake ameandika kwa kalamu nzito: ONGEZA MBILI. Kila kinachosoma, anaongeza 0.002. Wateja wengine wana mita za kisasa zenye skrini na taa, na jamaa huyu huziangalia kwa adabu kisha anatoa kitambaa chake. Nilimuuliza kwa nini anaamini kitu anachojua kinadanganya. Akaniambia, "Hiki kinanidanganya kila siku sawasawa. Hizo zingine sijui zitanidanganya lini."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Ndani yake kuna nadharia nzima ya uaminifu. Tunadhani mwaminifu ni yule asiyekosea, lakini hakuna chombo kisichokosea, wala mtu. Jamaa anasema mwaminifu ni yule ambaye kosa lake unalijua ukubwa na upande. Rafiki ambaye kila mara huchelewa nusu saa unaweza kupanga naye maisha. Yule ambaye leo amewahi, kesho hatokei, kesho kutwa amefika kabla yako, huyo ndiye anayekuchosha, hata kama siku alizowahi ni nyingi. Na samaki nao, kwa kiasi fulani, wanakubaliana na jamaa. Bahari ya Shamu ina chumvi karibu gramu 40 kwa kilo na imejaa matumbawe. Bahari ya Baltiki ina maji yenye chumvi kidogo mno, na bado kuna samaki. Kinachoua haraka si namba fulani, ni kuruka ghafla kutoka namba moja hadi nyingine. Tangi lililotulia kwenye 33 lina amani kuliko lile linalofukuzia 35 kila Jumamosi.

Basi tumemaliza? Uaminifu ni uthabiti, tufunge kitabu?

Hapana. Hebu fikiria siku ile haidromita ya jamaa inapoponyoka na kuvunjika kwenye vigae. Ni kioo, itavunjika. Ananunua nyingine. Mpya nayo ina kosa lake, labda upande wa pili. Kama ile ya zamani alikuwa anaifahamu yenyewe tu, ndani ya dunia yao wawili, basi siku hiyo amepoteza kila kitu alichokijua. Chombo kipya kinamwambia maji ya wateja wake wote yameharibika. Akianza "kuyarekebisha" atawaua samaki ambao jana walikuwa wazima. Au tuseme chombo hakijavunjika, lakini ameletewa samaki mpya ndani ya mfuko wenye maji ya mtu mwingine, aliyepima kwa chombo kingine. Namba iliyoandikwa kwenye karatasi ni 1.025. Ya nani? Uthabiti wa mtu mmoja ni kama lugha inayozungumzwa na mtu mmoja: haina kasoro mpaka siku anapotaka kuongea na mwenzake.

Kwa bahati nzuri ile ONGEZA MBILI haikutoka hewani. Jamaa aliipata kwa kutumbukiza haidromita yake kwenye maji ambayo kiwango chake kilijulikana. Ndipo tunarudi kwa lile swali la wasee: yalijulikana na nani?

Hadithi yake ni ndefu na tamu. Mwaka 1819 daktari na mkemia Alexander Marcet alipendekeza kwamba maji ya bahari, popote yatokapo, yana aina zile zile za chumvi kwa uwiano ule ule, hata kama jumla yake inatofautiana. Kati ya 1872 na 1876 meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia ikikusanya maji, na mwaka 1884 William Dittmar akachapisha uchunguzi wa sampuli 77 za maji hayo. Uwiano ulikuwa karibu ule ule kila mahali. Hapo ikawezekana kupima kitu kimoja na kukisia vingine vyote. Mapema katika karne ya 20, huko Copenhagen, Martin Knudsen na wenzake wakawa wanafunga maji ya bahari yaliyopimwa kwa makini kwenye vichupa vya kioo na kuvisambaza, ili kila mpimaji duniani akague chombo chake kwa bahari moja. Baadaye kazi hiyo ikahamia Uingereza, na inaendelea mpaka leo.

Lakini vichupa navyo vilipimwa kwa nini? Mwaka 1978 wanasayansi walikubaliana hivi: chukua gramu 32.4356 za kloridi ya potasiamu ndani ya kilo moja ya mchanganyiko, kwenye joto la nyuzi 15 za Selsiasi. Maji ya bahari ambayo kwenye joto hilo yanapitisha umeme sawasawa na mchanganyiko huo, hayo tutayaita 35.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. "Tutayaita." Ukifuata mnyororo wa vipimo mpaka mwisho wake, hukuti ukweli ulioshuka kutoka mbinguni. Unakuta watu wamekaa wakakubaliana juu ya unga na maji. Mwenye kukata tamaa atasema: kumbe yote ni makubaliano tu, basi kila mtu na namba yake. Mimi naona kinyume chake. Makubaliano hayo yana nguvu kwa sababu hayamtegemei mtu yeyote. Mwenye mizani nzuri, unga safi na kipimajoto anaweza kuutengeneza mchanganyiko huo Kisumu, Muscat au Bergen, akapata kitu kile kile, na kama waliokubaliana walikosea atawaonyesha. Waswahili husema mwamba ngoma huvutia kwake. Dawa ya jambo hilo haikuwa kumtafuta mwamba ngoma asiye na upande, maana hayupo. Ilikuwa kumkabidhi kila mtu kamba aivute mwenyewe aone.

Kwa hivyo jibu langu kwa "niamini kipi?" ni hili: amini kile kinachokubali kusahihishwa. Usiulize kwanza chombo kipi ni ghali, kipi ni cha kisasa, kipi kimesifiwa. Uliza: kikinidanganya, nitajuaje? Kama hakuna njia ya kujua, hata kikisema kweli leo, umebahatika tu.

Hapa falsafa inageuka kuwa maadili, na hapa ndipo naona jambo hili lina uzito.

Wengi wetu tumenunua mahindi au maharagwe sokoni kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Na tunajua ujanja wake: mkebe unagongwa chini mpaka kitako kinaingia ndani, nje unaonekana ni ule ule, lakini ndani umepungua. Huo ni kipimo kinachodanganya. Lakini mnunuzi wa maharagwe ana mdomo. Ana jirani aliyenunua kwa mwingine. Ana macho ya kuangalia kitako. Akichoka anahama, na mama wa pili anampimia na kumwongezea kidogo juu. Soko lina kelele, na kelele hiyo ndiyo inayokisahihisha kipimo.

Samaki hana kelele. Hawezi kuhamia tangi la jirani. Maji yanayopungua kila siku kwa joto na taa huondoka yenyewe na kuacha chumvi nyuma, kwa hivyo bahari yake inakolea mos mos, na hana wa kumwambia. Dalili anazotoa ni kupumua haraka, kuacha kula, kupoteza rangi, na dalili hizo zinaweza kumaanisha mambo mengine kumi. Ukishaziona, mara nyingi umechelewa. Kwake yeye, chombo chako ndicho mdomo wake pekee. Kikidanganya, amenyamazishwa.

Mwaka 1877 Mwingereza W. K. Clifford aliandika insha kuhusu maadili ya kuamini. Ndani yake kuna mwenye meli anayejua meli yake imechakaa. Inakaribia kubeba wahamiaji, na shaka inamsumbua. Anajituliza: imeshasafiri mara nyingi, itasafiri na hii. Mpaka anaamini kwa moyo mweupe kwamba ni salama. Meli inazama na watu wake, naye analipwa bima. Clifford anasema ana hatia, hata kama aliamini kweli, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo kwa ushahidi aliokuwa nao. Kisha anaongeza kitu kigumu zaidi: hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingebaki pale pale.

Watu hupinga hapo. Kama hakuna aliyekufa, kosa liko wapi? Lakini jaribu kumfikiria mtu ambaye kwa miaka miwili amepima kwa haidromita ambayo hajawahi kuikagua, na samaki wake wako fiti. Hajafanya ubaya wowote unaoonekana. Amefanya kitu kimoja tu: ameyaweka maisha ya wengine juu ya jambo ambalo lingemgharimu dakika kumi kulihakikisha, na hakujisumbua. Kwamba chombo kilikuwa sawa ni sifa ya kiwanda, si yake.

Najua kuna atakayesema: bana, ni samaki tu. Katika nchi hii watu wanalala njaa, wewe unazungumzia hatia ya haidromita? Sikatai uzito wa hoja hiyo. Samaki si mtoto. Lakini hatuchagui siku moja kuwa waangalifu kwa watoto na wazembe kwa samaki, kana kwamba uangalifu ni nguo ya Jumapili. Mkao wa akili ni ule ule. Kuna mizani ya kliniki inayosema kama mtoto anaongezeka. Kuna kipimajoto kwenye friji ya chanjo. Kuna mita ya stima inayosema token zimeisha. Kila mahali kuna mtu anayesoma namba na mtu mwingine anayeishi na matokeo, na mara nyingi wa pili hana namna ya kuuliza ile namba ilikaguliwa lini. Tangi ni mfano mdogo kiasi kwamba unaweza kuuona wote kwa jicho moja. Kuta zake ni za kioo.

Sasa, kwa anayetaka kununua chombo wiki hii. Haidromita ya plastiki yenye mkono ni rahisi, lakini ndiyo rahisi kudanganyika. Ukiitumia, isuuze kwa maji baridi kila mara na igongegonge vile viputo vitoke. Haidromita ya kioo ni nzuri kuliko sura yake, mradi usome chini ya mkunjo wa maji na uangalie imeandikwa joto gani, maana maji ya moto ni mepesi na yatakupotosha. Rifraktomita hakikisha imeandikwa ni ya maji ya bahari, acha matone yakae nusu dakika yapate joto la kioo, na ikague kwa mchanganyiko wa 35, si kwa maji safi peke yake. Mita ya umeme ni sahihi sana ikiwa imekaguliwa, na ina kiburi sana ikiwa haijakaguliwa, kwa sababu huandika namba nyingi baada ya nukta na sisi huchukulia wingi wa namba kuwa ukweli.

Ningekuwa na hela ya kitu kimoja ningenunua rifraktomita ya bei ya kati pamoja na chupa ya maji ya kukagulia, kuliko chombo ghali bila chupa. Kisha ningetafuta cha pili kinachofanya kazi kwa njia nyingine kabisa, hata kiwe duni, kama shahidi ambaye hakukaa chumba kimoja na wa kwanza. Viwili vinavyopima mwanga vinaweza kukosea pamoja. Mwanga na uzito mara chache hukosea kwa namna moja.

Na vikibishana, mkono mbali na tangi. Kila kitu ndani yako kitataka kufanya jambo, kuongeza chumvi, kuongeza maji, kuonekana unajali. Lakini samaki wameishi na maji hayo mpaka leo, wanaweza kuishi nayo mpaka jioni huku ukivikagua vyombo vyote viwili. Ukishajua kipi kinakosea na kwa kiasi gani, ndipo urekebishe maji, kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ukikuta yalikuwa sawa muda wote, usione umepoteza siku.

Kama hiyo chupa ya kukagulia inaonekana gharama ya ziada, gharama unayopaswa kuifikiria upya ni ya tangi lenyewe. Kule kwenye mwamba hakuna aliyekuwa akimpimia yule samaki chumvi, na hakuhitaji. Hitaji hilo lilianza siku alipotiwa kwenye mfuko, na aliyemnunua alilinunua pamoja naye.